Mzigo wa Mwanamke katika Fikra za Nyerere

Miongoni mwa maandishi ya Julius Nyerere, insha yake ya ujana, Uhuru wa Wanawake, yastahili kusomwa kwa makini. Aliiandika Makerere katika mwaka wa 1944, baada ya kuhitimu Shule ya Serikali ya Tabora; ilichapishwa kuwa kitabu mwaka wa 2009. Chemchemi yake ni kitabu cha John Stuart Mill cha mwaka wa 1869 juu ya kutiishwa kwa wanawake. Mill hakuishia katika kalamu: mwaka wa 1867 alidai katika Bunge la Uingereza kwamba wanawake wapewe kura, akashindwa.

Ubora wa insha hii ni kwamba mwanafunzi hakumkariri mwalimu wake. Hoja iliyozaliwa Uingereza aliipima kwa maisha ya Wazanaki. Baba yake, Mtemi Burito, alikuwa na wake 22, na Mugaya, mama yake, alikuwa wa tano. Kazi yao aliishuhudia tangu utotoni.

Kwa msomaji wa Tabora jambo hili si geni. Katika njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Unyanyembe hadi Ujiji, sifa ya upagazi ilikuwa ya wanaume wa Kinyamwezi. Lakini wanawake walifuatana nao, wakichukua vyungu, chakula na watoto, na kambini wakitwanga na kupika. Wengine waliipita njia hiyo katika utumwa. Wafanyabiashara walihesabu pembe za ndovu, vyungu havikuhesabiwa.

Fikra hiyo haikufa. Katika Ujamaa Vijijini, mwaka wa 1967, Nyerere alikiri kwamba hali duni ya wanawake ilikuwa kasoro ya maisha ya jadi. Hata hivyo, utetezi wake ulikuwa wa aliyeuona mzigo, si wa aliyeubeba. Sheria ya Ndoa ya mwaka wa 1971, iliyotungwa yeye akiwa Rais, iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15, ambapo mvulana alitakiwa kutimiza 18. Aliyeishtaki sheria hiyo alikuwa mwanamke, Rebeca Gyumi, akashinda Mahakama Kuu mwaka wa 2016 na Mahakama ya Rufani mwaka wa 2019.

Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Heshima ya Nyerere ni kwamba aliukana wepesi huo mapema. Upungufu wake ni kwamba, alipopata uwezo wa kuutua mzigo, aliupunguza tu.