Mcheza Kwao Hutuzwa, na Mwandishi Je?

Kila Desemba orodha ya nishani za taifa inapotoka, mimi hutafuta kwanza majina ya waandishi wa lugha zetu za mama. Kuyaona ni nadra!

Hebu tumwangalie Paul Mboya wa Karachuonyo, Homa Bay. Mwaka 1938 alitoa *Luo Kitgi gi Timbegi*, kitabu cha mila na desturi za Waluo, kwa Dholuo. Alikuwa chifu na mchungaji wa Kiadventista, kwa hiyo tumsome kwa tahadhari: sauti ya mwenye cheo ndiyo inayosikika zaidi. Lakini mtafiti wa mila za Waluo akimruka, amejikwaa.

Katiba ya 2010, Ibara ya 7, inaitaka Serikali kukuza lugha za kiasili. Jedwali la Nne linazikabidhi kaunti maktaba na makumbusho. Basi Homa Bay na Migori, zenye Dholuo, Kikuria na Olusuba, zisingoje Nairobi. Ziwapendekeze walio hai wavikwe nishani. Waliotangulia, maktaba ziitwe kwa majina yao.

Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Sasa jamani, mwandishi akatuzwe wapi?