Fundi wa Pawa Fakta

Seremala akimaliza kazi, meza inaonekana. Fundi wa pawa fakta akimaliza yake, kinu cha mahindi kinazunguka kwa mwendo uleule na unga unatoka uleule. Hata hivyo naihesabu kazi hii miongoni mwa fani bora za umeme, kwa sababu inadai akili na adabu kwa pamoja.

Mota nyingi za viwandani, uzao wa kazi aliyoipatia hataza Nikola Tesla mwaka 1888, hazizunguki bila sumaku. Katika kila koili, sumaku hiyo hujengeka na kubomoka mara 100 kwa sekunde kwenye umeme wetu wa hezi 50. Nguvu ya kuijenga haisagi hata punje moja: mota huikopa na kuirudisha papo hapo. Lakini kila inapokwenda na kurudi hupita kwenye nyaya na transfoma, ikizipasha moto bure. Kapasita iliyofungwa karibu na mota hushika zamu ya kukopesha. Mota inapodai, kapasita hutoa. Mota inaporudisha, kapasita hupokea.

Tuchukue mota ya fezi tatu, volti 400, inayotumia kilowati 40 kwa pawa fakta ya 0.7, yaani uwiano wa nguvu inayofanya kazi kwa nguvu yote inayovutwa, ambayo hupimwa kwa kVA. Inavuta ampea 82 hivi. Fundi akifunga kapasita za takriban kVAr 28 (kipimo cha ile nguvu ya kukopwa), pawa fakta hupanda hadi 0.95. Akipima waya ulio kati ya kapasita na mota, atasoma 82 zilezile, maana mota haijabadilika. Akihamishia kipimo upande wa transfoma, atasoma 61. Na kwa kuwa joto la waya hufuata mraba wa mkondo, hasara upande huo imepungua kwa asilimia 45 hivi.

Fundi hodari hakimbilii kapasita. Kwanza huuliza kama mota si kubwa kupita kazi yake, kwani mota yenye mzigo mdogo huwa na pawa fakta mbovu. Anajua pia kwamba kapasita iliyozidi kwenye ncha za mota yaweza kuifanya ijizalishie volti za hatari umeme unapokatwa ingali inazunguka. Na hata kapasita iliyozimwa haigusi mpaka chaji iishe, naye apime ahakikishe.

Shirika la umeme la Tanzania, TANESCO, huwatoza wateja wakubwa kwa kVA pia, kwa hiyo mwenye kinu huona nafuu kwenye ankara. Lakini faida haiishii mfukoni mwake. Mota iliyoshika kVA 57 za transfoma sasa inashika 42. kVA 15 zimepatikana kwa mashine nyingine bila kununua transfoma mpya. Nchi inayojenga viwanda inahitaji mitambo ya kuzalisha umeme, na inawahitaji vilevile mafundi wa kuutunza ule tulio nao. Wafundishwe vizuri, walipwe vizuri, na watajwe kwa heshima.