Nani Analipwa kwa Foto ya Njaa Yetu?

Kuna filamu moja ambayo kila mtu wa huku kwetu anayeshika kamera, au anayefanya kazi katika onge, angeiangalia hata mara moja. Inaitwa Enjoy Poverty, yaani "furahieni umaskini". Renzo Martens, Muholanzi, aliipiga kwetu Kongo na ikaonyeshwa mara ya kwanza mwaka 2008. Si filamu ya kupendeza. Ni dakika 90 na mara nyingi utataka kuizima. Lakini ndani yake kuna sehemu inayotuhusu moja kwa moja, juu ilipigwa Kanyabayonga, kwenye barabara ya kutoka Goma kuja Lubero na Butembo.

Martens anakuta pale vijana wapiga foto. Kazi yao ni ile ya wapiga foto wetu wote: ndoa, siku ya kuzaliwa, watoto waliovaa vizuri Jumapili. Anakaa nao na kufanya hesabu. Foto ya furaha inalipa kidogo sana. Foto ya vita au ya mtoto mwenye utapiamlo inalipa mara nyingi zaidi, na wanaolipwa ni wageni. Basi wabadilishe soko. Anawafundisha namna ya kupiga mtoto mgonjwa, kisha anawapeleka katika hospitali ya shirika la madaktari wa kigeni kuomba ruhusa. Wanakatazwa: eti wanataka kupata pesa juu ya mateso ya watu. Na waandishi wa kigeni wanaoingia na kuuza foto zao? Swali hilo halipati jibu la kueleweka.

Hapo filamu iko na haki kabisa. Kinachonikasirisha ni kinachofuata: Martens anawaambia vijana kwamba mradi umeisha, warudi kwenye ndoa zao. Watetezi wake wanasema alifanya hivyo makusudi, ili mtazamaji wa Ulaya ajione mwenyewe. Sawa. Lakini mtazamaji wa Kanyabayonga yeye anaona nini? Anaona kaka zake wakifundishwa kumwangalia mtoto wa jirani kama bidhaa, halafu wakiachwa njiani.

Miaka imepita, na sasa mgeni anayekuja na kamera mara nyingi hauzi foto. Ni mtu wa kujitolea. Amejilipia tiketi, anawapigia foto bure maonge madogo: kituo cha yatima, chama cha mama wakulima, shule ya ushonaji. Ni vigumu kumlaumu mtu wa namna hiyo, wengi wana moyo mzuri kweli. Na onge isiyo na franga itakataa vipi? Lakini bure ya nani? Yeye anarudi kwao na foto zitakazomfungulia kazi. Mpiga foto wa Butembo, anayelipa nyumba ya studio na mafuta ya jenereta, hawezi kushindana na bure. Kisha mwaka unaofuata unasoma katika ripoti kwamba hapa hakuna watu wenye ujuzi. Ni mlango ule ule wa Kanyabayonga, ila sasa unafungwa kwa tabasamu.

Mimi ni mtu wa kilimo, wacha nipime foto hizo kwa kipimo cha kazi yangu. Tukienda kuangalia mnyauko wa migomba, foto isiyo na tarehe, isiyo na jina la fasi, isiyoonyesha shamba la jirani, haina maana, profesa anakurudishia. Sasa chukua foto ya kawaida ya onge. Mama ameshika jembe, uso umechoka, nyuma majani. Chini wameandika: mwanamke wa Kongo anapigana na njaa. Shamba gani? Msimu gani? Na njaa juu ya nini, wakati udongo nyuma yake ni mweusi na migomba imebeba?

Hapo ndipo uongo unaingia, hata kama hakuna mtu aliyesema uongo. Njaa ya Beni haitoki kwa udongo. Beni inazaa kakao na vanila. Lubero inazaa viazi, maharagi, vitunguu na kahawa ya arabika. Lakini tangu Oktoba 2014, mauaji yalipoanza kuzunguka Beni, mengi yakitajwa kuwa ya ADF, watu wanakimbia mashamba. Kakao inaiva na mwenyewe yuko mjini, amelala kwa ndugu, familia tatu katika nyumba moja. Anayevuna ni mwingine. Foto ya mtoto mwembamba ikikatwa mbali na hayo yote inamwambia mtu wa Ulaya: wape mbegu, wape majembe. Na majembe yanakuja! Nimeona majembe mapya yakigawiwa watu ambao hawakuwa hata na fasi ya kulima. Ile foto ilifanya kazi yake vizuri sana, ila ilileta dawa ya ugonjwa mwingine.

Ebola mnaikumbuka. Ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, kuanzia Mangina, ikaisha 25 Juni 2020, na zaidi ya watu 2,200 walikufa. Muda huo wote tulipigwa foto: magari meupe, nguo za kujikinga, mazishi. Desemba 2018 Beni na Butembo tukaachwa nje ya uchaguzi wa rais, eti juu ya ugonjwa na usalama. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vikashambuliwa. Sisemi kamera ndiyo ilileta mashambulizi, hapana, mambo yalikuwa mengi. Lakini mtu aliyeona jirani yake akizikwa mbele ya kamera za watu wasiojulikana, na foto isirudi kamwe katika familia, alikuwa na sababu ya kusema kwamba hii ni biashara.

Mama mmoja wa Oicha alimuuliza mkalimani mbele yangu: "Ile foto inaenda fasi gani? Na miye nitaiona siku gani?" Mkalimani akamgeukia mgeni, akamwambia mama amekubali.

Msinielewe vibaya, kamera isibaki nyumbani. Mei 1904, Baringa, kule Équateur, Alice Seeley Harris, mmisionari Mwingereza, alimpiga foto Nsala ameketi, anaangalia mkono na mguu wa mtoto wake Boali, aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira. Foto za namna hiyo zilizungushwa Uingereza na Marekani, zikasaidia kumnyang'anya Leopold Kongo mwaka 1908. Na angalieni: zaidi ya miaka 100 imepita, jina la baba tunalijua, na la mtoto pia. Ndiyo, kuna watu ambao majina yao lazima yafichwe, kama mwanamke aliyebakwa. Lakini mama anayevuna vitunguu, jina lake linafichwa juu ya nini?

Mwaka 2020 Finbarr O'Reilly, aliyepewa zawadi ya Carmignac ili afanye ripoti ya foto Kongo, alishindwa kuendelea kama alivyopanga, juu Covid ilifunga mipaka. Kazi ikageuzwa kuwa ya pamoja, ikaitwa Congo in Conversation, na Wakongo wakaijaza: Arlette Bashizi, Moses Sawasawa, Kudra Maliro aliyekuwa akiripoti kutoka Beni, na wengine. Hawakuanguka kutoka mbinguni wiki ile. Walikuwa hapa, wanafanya kazi, ila hakuna aliyewaita. Zawadi ilibaki kwa jina la O'Reilly, lakini chini ya kila foto kuna jina la aliyeipiga, na hilo ni kubwa kuliko lote tulilopata katika filamu ya Martens.

Wale kati yetu mnaoandika bajeti za maonge Butembo na Beni, ule mstari wa matangazo mnauacha tupu, mkijua muzungu wa kujitolea atafika mwezi wa saba. Andikeni pale malipo ya mpiga foto wa mtaa. Ongezeni na pesa ya kutoa foto moja ya karatasi, pamoja na pesa ya moto wa kuipeleka Oicha.