Aina za Vitenzi: Kiswahili katika Kipimo cha Kiingereza

Kabrasha tunalolihakiki hapa halina jina la mwandishi wala mwaka. Limetolewa kopi mara nyingi hadi maandishi ya pembeni yamefifia, na baadhi ya wanafunzi wetu wanaoishi Busanza, upande wa Kanombe hapa Kigali, hulitumia kujiandaa kwa mitihani. Linahusu vitenzi na aina zake. Tumelisoma lote na tunakiri kwamba limeandikwa kwa bidii. Mifano yake ni mingi na Kiswahili chake ni safi.

Kasoro iko katika mpangilio. Sura zake zinafuata vitabu vya sarufi ya Kiingereza: vitenzi vya kawaida na visivyo vya kawaida, kisha elekezi na si elekezi, mwisho visaidizi. Hatushangai sana. Tangu serikali ilipoamua mwaka 2008 kwamba Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia, wengi wamekutana na istilahi za sarufi kwa lugha hiyo kwanza. Kiswahili kilipofanywa lugha rasmi mwaka 2017, kiatu kilikuwa kimekwisha kushonwa kwa mguu mwingine.

Tuchukue vitenzi visivyo vya kawaida. Kabrasha linasema kwamba Kiswahili hakina kitu kama “go” kugeuka “went”, kisha linapita. Kumbe hapo ndipo wanafunzi wanapoanguka. Mnyarwanda husema “yariye”, kwa hiyo huandika “alila” mahali pa “alikula”. Angepaswa kufundishwa kwamba vitenzi vya silabi moja hubeba ku- katika “anakula” na “alikula”, huiacha katika “hula”, “hali” na “ale”, na kwamba kiambishi cha yambwa kikiingia hiyo ku- huondoka: simba alimla mbuzi. Vivyo hivyo vitenzi vyenye asili ya Kiarabu. Asiyeambiwa kwamba irabu yake ya mwisho haibadiliki ataandika “hajibi” na “hasamehi”, naye atakuwa amefuata kanuni aliyopewa.

Kuhusu elekezi na si elekezi, “lia” limewekwa katika orodha ya vitenzi visivyochukua yambwa. Ni kweli kwa mzizi wenyewe. Lakini mtoto humlilia mama yake, na mkubwa humliza mdogo. Katika Kiswahili uelekezi hauwezi kuamuliwa kwa kutazama mzizi peke yake. Lazima kutazama viambishi tamati. Mwanafunzi wetu analijua jambo hili tangu utotoni, maana Kinyarwanda kina kurira, kuririra na kuriza. Anajua pia kubonana na kuboneka, ambavyo viko jirani kabisa na kuonana na kuonekana. Hazina yote hiyo imeachwa. Unyambulishaji umepewa nusu ukurasa mwishoni, kama mgeni aliyefika wakati vyombo vinaoshwa.

Sura ya visaidizi ndiyo iliyotusikitisha zaidi. Hatukatai kwamba kategoria hiyo ipo. Waandishi wa SAMIKISA (Massamba, Kihore na Hokororo, 1999) wanatenga vitenzi vikuu, visaidizi na vishirikishi, na mgawanyo huo unafundishika. Katika “alikuwa akisoma” kitenzi cha kwanza kinabeba wakati, na vyote viwili vinabeba nafsi, jambo ambalo Kiingereza hakifanyi. Kabrasha halilitaji. Badala yake linadai kwamba ha- ya “hasomi” ni kitenzi kisaidizi, eti kwa kuwa Kiingereza hutumia “does not”. Ha- ni kiambishi cha ukanushi, basi, sawa na nt- ya “ntasoma” katika Kinyarwanda.

Mwanafunzi mmoja alituletea karatasi yake ya mtihani akitaka tumtetee. Alikuwa amelijibu swali la visaidizi neno kwa neno kama kabrasha, akatoka patupu. Hatukuweza kumtetea, ingawa tulimwonea huruma: alikuwa amekariri usiku kucha.

Hatupendekezi kabrasha litupwe, kwani darasani vitabu ni vichache na mifano yake inafaa. Unyambulishaji uletwe mbele, vitenzi vya silabi moja vipewe sura yao, na dai lile kuhusu ha- lifutwe leo. Nakala tuliyoisahihisha kwa kalamu nyekundu iko katika ofisi ya idara. Anayeihitaji aje aitoe kopi.