Mizani 16, Basi?

Kila kijana anayeanza kutunga kwa Kiswahili huuliza swali moja, na huliuliza kwa maneno yaleyale: shairi linaandikwaje? Swali halina mtego. Aliyeuliza ana kitu kifuani, ana daftari ama simu, anataka tu kujua aanzie wapi. Bahati mbaya, majibu mawili yanamsubiri mlangoni, na hayasalimiani.

Jibu la kwanza ni fupi. Mishororo 4, kila mshororo mizani 16, yaani 8 huku na 8 kule. Vina vya kati, vina vya mwisho. Ukitaka, mshororo wa nne uwe kibwagizo. Basi, nenda ukaandike.

Jibu la pili halina mwisho. Shairi gani hasa? Unajua tofauti yake na utenzi? Ukawafi je? Wajiwaji? Kimai? Umemsoma Muyaka? Hapana? Sasa unataka kutunga nini? Jibu likifika hapo chai imeshapoa, na muulizaji anawaza kama matatu za kwao bado zipo.

Nimekaa kwenye vikao vya kutosha vya washairi hapa Nairobi kujua kwamba kambi hizi zinadharauliana. Wa jibu fupi wanasema wenzao ni watu wa kujionyesha, wanaziba njia kwa istilahi. Wa jibu refu wanasema wenzao wanauza shairi la kopo, la kuchemsha maji na kukoroga. Wote wawili wana ukweli kiasi. Lakini mimi nina upande, na niutaje mapema: napenda kina. Ninachokataa ni yale mambo mengi ya kukariri ambayo watu huyaita kina.

Tuanze na jibu fupi. Soma mshororo huu, nimeutunga hapa hapa: "Serikali ya kaunti, imefunga barabara." Hesabu kwa vidole. Se-ri-ka-li-ya-ka-u-nti, 8. I-me-fu-nga-ba-ra-ba-ra, 8. Ongeza mishororo mitatu yenye vina vya -nti na -ra, na kulingana na jibu fupi una ubeti kamili. Kumbe una tangazo la redio. Hakuna sheria iliyovunjwa, na hakuna shairi. Ikiwa kanuni inashindwa kutofautisha ubeti na taarifa ya msongamano wa magari, kuna kitu imekiacha nje.

Kilichoachwa kimo ndani ya kitabu kilekile ambacho watu wa mizani hupenda kukitaja. Kaluta Amri Abedi alichapisha "Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri" mwaka 1954. Hicho ndicho kitabu kilichosambaza sheria hizi kwa wengi, na wengi wetu tunazijua bila kuwahi kukishika mkononi. Lakini Amri Abedi hakuanza kwa kuhesabu. Kwake shairi ni wimbo, na lisiloimbika lina kasoro kubwa. Mizani zinakuja baadaye, kwa sababu ya wimbo: sauti inahitaji urefu unaojirudia, na mwimbaji anahitaji mahali pa kuvuta pumzi. Hapo pa kuvuta pumzi ndipo kipande cha kwanza kinapoishia na cha pili kuanza. Mwaka 1988, katika "Tungo Zetu", Ibrahim Noor Shariff naye alisisitiza kwamba tungo za Waswahili haziwezi kutenganishwa na uimbaji.

Sasa angalia tulichofanya sisi. Tulichukua kitabu kinachosema "shairi ni wimbo, na hizi ndizo hesabu zake," tukautupa wimbo, tukabaki na hesabu. Si kwa ubaya. Hesabu inasahihishika. Mwalimu mwenye madaftari 60 mezani hawezi kuimba beti za kila mwanafunzi, lakini anaweza kuhesabu hadi 16. Mtihani nao unauliza muundo wa shairi, unataka hoja nne, unatoa alama nne. Jibu fupi lilizaliwa kwenye mazingira hayo, na humo linafanya kazi yake vizuri. Shida ni pale linapotoka darasani na kujifanya ndilo sanaa yenyewe.

Nigeukie upande wangu, maana nao una lawama zake. Kikao kimoja, dada mmoja aliuliza kwa nini "mtu" ni mizani 2 na "mbuzi" pia ni mizani 2, ilhali neno moja linaonekana fupi kuliko lingine. Bro mmoja aliyebobea akaanza orodha: "mtu" 2, "mbwa" 2, "nchi" 2, "nne" 2, "mbu" 2, lakini "mbali" 2, "ngoma" 2, "mlango" 3, na kadhalika, ukariri tu. Orodha ilikuwa sahihi kabisa. Dada aliinakili yote, na sura yake ilionyesha wazi kwamba haelewi zaidi ya alivyokuja.

Hiyo orodha ni jibu fupi lililonenepa. Kina chenyewe kingekuwa hivi. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Sema "mbu" kwa sauti. Neno lina irabu moja tu, kwa hiyo mkazo unatafuta pa kukaa na kuangukia kwenye "m". Hiyo "m" inalazimika kusimama peke yake: m-bu, mizani 2. Sema "mbuzi". Sasa mkazo una "mbu" ya kukalia, kwa hiyo "m" inajibanza kwa jirani yake: mbu-zi, mizani 2. Vivyo hivyo "nchi" na "nne". Ile "m" ya "mtu" na "mlango" ina sababu ya ziada: ni kiambishi kilichokuwa "mu" na kikapoteza irabu yake, lakini hakikupoteza pigo lake. Ndiyo maana "mlango" ni m-la-ngo.

Ona kilichotokea. Maelezo ni marefu kuliko "kariri tu", lakini mzigo umepungua. Dada haendi nyumbani na orodha, anaenda na sikio. Hiki ndicho kipimo changu cha kina katika ufundi wowote, uwe ushairi, upishi ama kutengeneza redio: kikweli kinakupunguzia mambo ya kukariri. Kinachokuongezea mambo ya kukariri bila sababu ni mapambo ya mjuzi, na muulizaji ana haki ya kusinzia.

Kuna mahali jibu rahisi linaumiza mtu, na hapo ndipo hasira yangu ilipo. Shuleni tulifundishwa "uhuru wa mshairi": inkisari ni kufupisha neno, mazida ni kulirefusha, tabdila ni kubadilisha sauti bila kuzidisha mizani. Unapewa shairi, unawinda maneno ya ajabu, unayabandika majina, unapata alama. Sasa mpe mwanafunzi huyo "Sauti ya Dhiki" ya Abdilatif Abdalla, diwani iliyotoka 1973, ya mashairi aliyoyatunga akiwa gerezani kwa kuandika kijikaratasi "Kenya: Twendapi?". Akikutana na "mato" mahali pa "macho", ama "ndia" mahali pa "njia", atasema nini? Atasema tabdila. Atasema mshairi amebadilisha sauti ili apate vina.

Wapi! Hicho ni Kimvita. Ndivyo wazee wa Mombasa wanavyosema wakiagiza kahawa. Mshairi hajachukua uhuru wowote hapo, ametumia lugha ya mama yake, na kwa mtu aliyefungwa kwa sababu ya maneno, kuchagua lugha ya nyumbani si jambo dogo. Fikiria mtoto wa Kibokoni ama Kuze ameketi darasani, anaambiwa neno la nyanya yake ni "ukiukaji" unaoruhusiwa kwa sababu ya mizani. Jibu lilikuwa rahisi, likapata alama, na likamfundisha kwamba Kiswahili cha kwao ni kosa lenye leseni.

Na jibu rahisi halimfungi mwanafunzi peke yake, linaufungia nje hata urithi wenyewe. Tunasema utenzi ni mizani 8 kila mshororo. Poa, tenzi nyingi ziko hivyo. Halafu unakutana na "Al-Inkishafi" ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mojawapo ya tungo kuu kabisa za lugha hii, na mishororo yake ni ya mizani 10. Utafanyaje? Umwambie mzee wa Pate amekosea?

Wapo watakaosema dawa ni kuachana na mizani kabisa. Euphrase Kezilahabi alitoa "Kichomi" mwaka 1974 na kuzua ubishi mkubwa kuhusu mashairi huru. Hapa kwetu Kithaka wa Mberia ameonyesha kinachowezekana ukipanga maneno kwenye ukurasa bila kufuata ukwapi na utao. Nawaheshimu wote wawili. Lakini kwenye steji zetu uhuru huo nao umeshageuzwa jibu fupi: "Andika tu vile unafeel, kata mstari popote." Si hivyo, msee. Asiyehesabu mizani bado anatakiwa kujua kwa nini mstari umekatika pale na si neno moja mbele. Swali la pumzi halikufutwa na 1974.

Kwa hiyo, nikiulizwa shairi linaandikwaje, najibu kwa mpangilio. Kwanza namwambia aniimbie ama anitamkie mshororo wake wa kwanza, hata kama ni mbovu, hata kama tuko kibandani na watu wanasikia. Tunatafuta pamoja sauti inapotaka kupumzika. Kisha nampa zile 8 na 8, kwa sababu zinasaidia kweli, na namwambia zimetoka wapi. Namtajia kwamba bahari nyingine zipo na hesabu zake ni tofauti. Sizitaji zote siku hiyo. Akirudi wiki ijayo akiuliza mbona "mlango" umemharibia mshororo, hapo ndipo tunaanza kuongea mambo ya mkazo.

Asiporudi, basi ameondoka na kitu anachoweza kukitumia na ambacho si uongo. Na ninyi mabro wa orodha ndefu, nawaomba jambo moja dogo: kabla hujataja istilahi ya tatu, hebu muulize mtu shairi lake linahusu nini.