Kumtambua Shoro

Tai hahitaji mjuzi. Hata mtoto humjua. Ustadi hupimwa kwa shoro, ndege wa gramu 12 hivi, wa kahawia asiye na doa wala mstari, anayejificha kwenye matete na vichaka vya vinamasi. Huja kutoka Ulaya na Asia ya magharibi, akapita zake kuelekea kusini.

Ngulia, ndani ya Tsavo Magharibi, ukungu ukishuka usiku wa giza mwezi wa Novemba au Desemba, taa za hoteli huwavuta ndege hao kwa wingi. Tangu 1969 watu wamekuwa wakikesha pale, wakiwanasa kwa nyavu laini, wakiwavisha pete na kuwaachia. Anayenaswa sana ni shoro wa vinamasi, Acrocephalus palustris. Taabu ni binamu yake, shoro wa matete: wamefanana kama shilingi mbili.

Fundi hana pupa. Shingo huipitisha kati ya vidole viwili, akalifungua bawa taratibu. Upande wa ndani wa unyoya wa pili pana mkato, nao hupimwa kwa rula kuanzia nchani. Ukiwa mfupi, ni wa vinamasi. Ukiwa mrefu, wa matete. Tofauti ni milimita chache tu, na wapo wa katikati wanaozua ubishi mpaka alfajiri. Kisha hutazamwa kucha. Za shoro wa matete ni ndefu zaidi, maana maisha yake ni kung'ang'ania mabua yaliyosimama wima. Ushahidi huu naupenda kuliko wote: mguu unataja kazi ya mwenyewe.

Mara chache hutokea aliye mkubwa kidogo, mdomo mrefu mwembamba, tumbo jeupe. Huyo ni shoro wa Basra, ambaye vinamasi vyake kule Iraki vilikaushwa miaka ya 1990, na sasa yumo hatarini kutoweka. Hapo kuandika jina kwa kubahatisha ni kosa kubwa, kwani ndege adimu wataonekana wengi daftarini huku porini wanakwisha.

Sauti nayo ina maajabu yake. Shoro wa vinamasi huimba kwa kuiga wenzake. Mwaka 1979 Françoise Dowsett-Lemaire alichapisha utafiti kuhusu nyimbo zao kule Ubelgiji: aina 212 za ndege waliigwa, na 113 kati yao ni wa Afrika. Anayetaka kumjua shoro huyu barabara, basi, aanze kwa kusikiliza ndege wa shambani kwake.