Maneno ya Bao katika Elimu ya Michezo ya Kompyuta

Makusudi ya makala haya ni kutoa hoja moja juu ya lugha ya elimu mpya, nayo ni elimu ya kuunda michezo ya kompyuta kama isomwavyo katika vyuo vikuu vyetu. Hoja yenyewe ni hii: mengi ya maneno tunayoyatafuta kwa ajili ya elimu hiyo hayana haja ya kubuniwa, kwa kuwa yamo tayari vinywani mwa wacheza bao. Kosa letu sisi wanalugha ni kuketi mezani tukaunda, kabla ya kwenda barazani tukasikiliza.

Nianze na kisa kilichonifumbua macho. Katika kata ya Sofu, mjini Kibaha, yapata kilomita 40 magharibi ya Dar es Salaam, ninao jamaa ambao huwatembelea mara kwa mara. Huko nilimkuta kijana wa ukoo wetu asomaye sayansi ya kompyuta chuo kikuu. Kazi yake ya kumalizia masomo ilikuwa kuandika programu ya kucheza bao la Kiswahili. Programu hiyo ilicheza vema kwa miendo kadha, kisha ikakwama. Kioo kilisimama, mashine ikapata moto, wala jibu halikutoka. Mzee mmoja, fundi wa bao tangu ujana wake, akamwuliza, "Mjukuu wangu, kimekusibu nini?" Kijana akaanza kueleza, na kila neno lililobeba maana katika maelezo yake likawa la Kiingereza. Mzee akanyamaza. Mimi niliyesomea isimu ng'ambo hata nikapewa udaktari, nikajitia kufasiri. Nikasema habari za "kitanzi kisicho kikomo", na kwa uso wa mzee nikajua kwamba nimemzidishia giza.

Mwisho kijana akateremsha bao, akapanga kete kama zilivyokuwa katika programu, akaanza kuzungusha. Akazungusha na kuzungusha. Mzee akatazama kwa muda, akasema, "Basi si ungesema hailali? Kete hiyo haina pa kulala. Kwetu sisi mwendo wa namna hiyo haukubaliwi."

Kwa msomaji asiyecheza bao, yafaa nieleze. Mchezaji hutwaa kete za shimo moja, akazitia moja moja katika mashimo yafuatayo. Ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, mwendo huendelea. Ikiangukia shimo tupu, mwendo hukoma, na husemwa kwamba amelala. Lakini ipo mipango ya kete, ijapokuwa ni nadra, ambayo mwendo wake haukomi kamwe. Sasa tazama kompyuta: maagizo hurudiwa mpaka sharti fulani litimie, na sharti lisipotimia, mashine hurudia bila mwisho. Mambo haya mawili hayafanani tu. Ni jambo moja. Mzee wa Sofu, asiyepata kuandika programu maishani mwake, aliitambua ila ya programu kwa sababu alikuwa na neno lake. Kijana aliyekesha juu yake hakuitambua upesi, na sababu mojawapo, kwa nionavyo mimi, ni kwamba bao alilifikiri kwa lugha moja na programu kwa lugha nyingine, wala hapakuwa na daraja kati yao.

Tugeukie kazi yetu wenyewe. Tangu Kamati ya Lugha ilipoundwa mwaka 1930, na baadaye Chuo cha Uchunguzi wa Lugha ya Kiswahili mwaka 1964 na Baraza la Kiswahili la Taifa mwaka 1967, jitihada ya istilahi haikukoma. Katika uwanja wa kompyuta, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, na kazi ile ilionyesha kwamba programu ya ofisini yaweza kusema Kiswahili. Lakini tukiyapima maneno yaliyobuniwa katika uwanja huu, twaona makundi mawili.

Kundi la kwanza ni maneno kama "pakua" na "bofya". Mpishi hupakua chakula chunguni. Mnunuzi hubofya embe sokoni apate kujua kama limeiva. Maneno haya yalipohamishiwa kwenye kompyuta hayakuhitaji mwalimu, maana mkono wa msemaji uliyajua kabla ya sikio lake. Kundi la pili ni maneno kama "ngamizi", "kipakatalishi" na "baobonye". Neno "tarakilishi" nalo lina kipande cha "tarakimu" kilichoungwa na kimalizio ambacho msemaji wa kawaida hawezi kukitambua maana. Nchini Kenya neno hilo limeshika mizizi shuleni, wala sina nia ya kuling'oa. Matumizi ni hakimu mkubwa kuliko mimi. Nisemalo ni kwamba neno la namna hiyo hufundishwa, halikumbukwi. Laingia kichwani kama neno geni liingiavyo, hali limevaa nguo za kienyeji.

Na wanafunzi wafanyeje? Hujitengenezea yao. Kuandika programu wao huita "kukodi", neno ambalo kwa Waswahili wote ni kulipa ili kutumia nyumba au gari ya mwenzio. Tusiwacheke, neno "msimbo" tuliwaandalia, lakini halikuwafikia darasani.

Lugha ya bao ingewafaa zaidi, maana ni lugha ya kanuni. Bao lina mashimo 32 na kete 64. Mchezo huanza kwa namua, kila mchezaji akiwa na kete 22 za kuingiza moja moja. Zikiisha, huingia mtaji. Basi mchezo una hatua mbili zenye majina, na kila hatua ina sheria zake. Mwunda michezo hana budi kuzitenga vivyo hivyo katika programu. Tena: ukiweza kula, sharti ule, usipoweza, utatakata. Hapo pana sharti na mbadala wake, ambao ndio msingi wa programu zote, nao umesemwa kwa viambishi viwili tu, -ki- na -sipo-. Nyumba nayo, mwendo ukifika na kete zikiwa 6 au zaidi, humpa mwenyewe hiari ya kusimama au kwenda safari; na ni lazima programu imwulize mchezaji hapo. Sijui kitabu cha kigeni kiwezacho kumfundisha kijana wa Pwani mambo haya kwa uwazi kuliko huu.

Wengine wamekwisha kuliona hilo. Alex de Voogt alichapisha huko Leiden mwaka 1995 uchunguzi wake juu ya mafundi wa bao. Mwaka 2002, Donkers na Uiterwijk wa Maastricht waliandika juu ya kuifundisha kompyuta bao, na mwaka huohuo Romein na Bal wa Amsterdam walimaliza hesabu ya mchezo wa Awari, ndugu wa bao wa Afrika Magharibi wenye mashimo 12: hali 889,063,398,406 zilihesabiwa, na ikathibitika kwamba wawili wasiokosea hutoka sare. Ajabu ni kwamba wataalamu wa bao hao walipoandika kwa Kiingereza waliyaacha maneno namua, mtaji na takata kama yalivyo, kwa kuwa hawakuona badala yake. Naye mtoto wa Kibaha hujifunza kulisema bao lake bila maneno hayo.

Najua nitapingwa. Atasema mtu kwamba vijana wengi hawachezi bao siku hizi, na kwamba msemaji wa Lubumbashi hana habari ya nyumba wala kimbi. Kweli. Atasema tena kwamba "mtaji" ni fedha ya biashara, na "kulala" ni kulala. Hilo halinitishi, maana neno kuwa na maana mbili si kasoro; "pakua" nalo bado ni la jikoni. Wala sidai kwamba bao litatupa kila kitu. Habari za picha, sauti na mtandao hazimo, na huko heri tukope waziwazi kuliko kuunda vipande visivyoshikana.

Ninaloomba ni dogo. Vyuo vyetu vikuu hufundisha masomo haya kwa Kiingereza, wala makala moja haitabadili hayo. Lakini kila mwanafunzi atoaye kazi ya mwisho na atakiwe kuambatanisha ukurasa mmoja wa Kiswahili, ulioandikwa baada ya kuieleza kazi hiyo kwa mtu asiyejua Kiingereza, na maneno aliyosaidiwa nayo yaorodheshwe. Kurasa hizo zikusanywe nasi, tuzichambue kabla ya kubuni neno lolote jipya.

Kijana wetu alirekebisha programu yake, akaitia hesabu ya mizunguko ili mwendo usiolala ukataliwe. Katika ripoti yake kifungu hicho kilikuwa na jina la Kiingereza, kama ilivyompasa. Lakini mle ndani ya programu, ambamo mwandishi huruhusiwa kuyaita mambo apendavyo, nilikuta ameandika neno moja: hailali.